Mafungo nyumbani: Omba ruhusa kwanza, ndipo uketi

Huenda wewe msomaji umewahi kutamani siku moja tu ya kimya. Si siku ya kulala, wala ya kwenda mashambani kuwajulia hali wazee, bali siku ya kuketi, kuvuta pumzi na kuutazama moyo wako jinsi ulivyo. Wakristo wana mafungo yao ya kiroho, na Waislamu wana itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Wabudha nao wana siku zao, na jambo la kupendeza katika desturi yao ni kwamba mtu wa kawaida, mwenye ndoa, watoto na kazi ya kila siku, anaweza kuitimiza siku hiyo akiwa nyumbani kwake.

"Nyumbani kwangu mimi?" utauliza. "Na redio ya jirani, watoto wanaogombania rimoti, na mgeni anayebisha hodi bila taarifa?" Swali ni zuri. Jibu lake ni kwamba mafungo ya nyumbani hayaanzi kwa kuketi. Huanza siku kadhaa kabla, kwa mazungumzo na wale unaoishi nao. Atakayeiruka hatua hiyo ataketi mkekani, naam, lakini nyuma ya mlango kutakuwa na mtu anayenung'unika, na manung'uniko hupenya hata mlango wa chuma.

MKULIMA ALIYEOMBA RUHUSA

Mfano mzuri unatoka Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Mwaka wa 1873 alizaliwa huko, katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto wa Yangon, mtu aliyekuja kujulikana kama Saya Thetgyi. Hakuwa mtawa. Alikuwa mkulima wa mpunga, mwenye mke na watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mwaka wa 1903 kipindupindu kikaingia kijijini na kuwachukua watoto wake wote wawili.

Huzuni hiyo ilimzidi nguvu. Akawaomba mkewe na shemeji yake ruhusa ya kuondoka, akatafute dawa ya moyo. Ruhusa akapewa. Alizunguka nchi akitafuta walimu, na mwishowe akafika kwa mtawa mwenye elimu kubwa, Ledi Sayadaw, akakaa kwake miaka saba akijifunza taamuli. Miaka hiyo yote, ni nani aliyelima mpunga? Ni mkewe na shemeji yake. Wao ndio waliosimamia mashamba, na kila mwaka walimtumia fedha kutokana na mavuno ili aendelee.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Nyuma ya kila mtu anayeketi kimya pana mtu mwingine aliyebeba mzigo wake. Mapumziko ya mmoja ni kazi ya mwingine, na katika nyumba nyingi huyo mwingine ni mama. Si vibaya kubebewa mzigo. Kibaya ni kuutua kichwani pa mwenzako bila kumwambia.

Mkulima huyo baadaye akawa mwalimu, na mwaka wa 1937 akamfundisha karani mmoja wa hesabu, U Ba Khin. Huyu naye hakuacha kazi wala jamaa. Burma ilipopata uhuru Januari 1948 alifanywa Mhasibu Mkuu wa serikali, na bado aliwafundisha taamuli wafanyakazi wa ofisi yake. Mwaka wa 1952 alianzisha kituo mjini Yangon, nacho kikapokea wenyeji na wageni. Mwanafunzi wake mmoja, mfanyabiashara S. N. Goenka, aliyefariki mwaka wa 2013, ndiye aliyeieneza njia hiyo kutoka India hadi pembe nyingi za dunia kwa mafunzo ya siku kumi yasiyotozwa ada. Kwa hivyo, ukisikia mtu akisema kwamba taamuli ni kazi ya watawa wenye vichwa vilivyonyolewa peke yao, mkumbushe mkulima na mhasibu.

SIKU YA MWEZI MPEVU

Mafungo yenyewe yana asili ya kale. Zamani za Buddha, watawa walikuwa wakitembea mwaka mzima. Watu wakalalamika kwamba wakati wa mvua watawa hao hukanyaga mimea michanga na kuua wadudu wadogo njiani. Ndipo ikatolewa kanuni kwamba katika miezi mitatu ya mvua watawa wakae mahali pamoja. Mpaka leo kanuni hiyo inafuatwa, takriban kuanzia Julai hadi Oktoba.

Watu wa kawaida nao walipewa siku yao, iitwayo uposatha, inayofuata mwendo wa mwezi. Nchini Sri Lanka kila siku ya mwezi mpevu, iitwayo Poya, ni sikukuu ya kitaifa. Siku hiyo pombe haiuzwi na machinjio hufungwa. Watu wengi, hasa wazee, huvaa nguo nyeupe na kushika masharti manane tangu alfajiri. Baadhi huenda hekaluni na wengine hubaki nyumbani. Masharti hayo ndiyo msingi mzuri wa mafungo yako:

Kwanza, usiue kiumbe chochote, hata mbu. Pili, usichukue usichopewa. Tatu, jiepushe na tendo la ndoa kwa siku hiyo. Nne, usiseme uongo. Tano, usiguse kileo. Sita, usile baada ya saa sita mchana. Saba, acha muziki, dansi, maonyesho, manukato na mapambo. Nane, usilale kwenye kitanda cha anasa.

Ukiyatazama vizuri utaona kwamba sharti la tatu halikuhusu wewe peke yako. Linamhusu mwenzako wa ndoa pia, na ndiyo sababu nyingine ya kuzungumza naye mapema. La sita nalo linamhusu mpishi. Hata la saba linaihusu televisheni ya sebuleni, ambayo si yako wewe peke yako.

JINSI YA KUZUNGUMZA

Chagua wakati ambapo wote mmetulia, si wakati ambapo mwenzako yuko jikoni na sufuria inafurika. Usimwambie, "Jumapili sitaki kusumbuliwa." Hayo ni maneno ya ugomvi. Sema hivi: "Mama watoto, naomba siku moja ya kuketi kimya, Jumapili ijayo ukiniruhusu. Chakula nitapika Jumamosi. Nguo za shule za watoto nitazifua mapema. Nawe chagua siku yako, mimi nishike nyumba." Mwanamke naye amwambie baba watoto vivyo hivyo.

Neno kubwa hapo ni "nawe chagua siku yako." Bila hilo, hayo si makubaliano, bali ni amri iliyovishwa kanzu ya dini. Na mwenzako akisema kwamba wiki hii haiwezekani, kubali. Atakayekasirika kwa kunyimwa siku ya utulivu amejionyesha mwenyewe ni kwa nini anaihitaji.

Kubalianeni kinaganaga juu ya mambo manne. La kwanza, nani atawaangalia watoto. La pili, wageni wakija waambiwe nini. Neno la kweli na la adabu ni bora kuliko kusingizia kwamba umesafiri, maana sharti la nne linaingia hapo. La tatu, jambo gani ni la dharura linaloruhusu mlango kubishwa. Mtoto kuugua ni dharura. Mechi kuingia bao si dharura. La nne, simu yako nani aishike. Izime, au umpe mtu mzima unayemwamini ili apokee habari za msiba au ugonjwa. Ukibaki nayo chumbani, hata ikiwa kimya, moyo wako utakuwa mfukoni mwake.

Watoto wadogo waelezwe kwa lugha yao: "Leo baba hasemi, lakini hajakasirika." Mtoto asiyeambiwa hudhani amekosa. Na mama mwenye mtoto anyonyaye asijitwike siku nzima. Nusu saa alfajiri, mtoto akiwa amelala, ni mafungo kamili kwa hali yake.

CHUMBA NA VIFAA

Usijitie gharama. Unahitaji mkeka, blanketi iliyokunjwa mara kadhaa ya kuinulia makalio, saa ya kengele na nguo pana zisizobana. Ukiwa na maumivu ya magoti au mgongo, keti kwenye kiti cha kawaida, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Hakuna thawabu ya kujiumiza.

Anayeishi katika chumba kimoja asikate tamaa. Pembe iliyofagiwa na pazia vinatosha. Kelele za nje huwezi kuzizima, na huna haja. Kelele za matatu zikifika masikioni, zijue kwamba ni kelele, kisha urudi kwenye pumzi. Vya kuondoa ni vile vinavyokuita kwa jina: bili zisizolipwa, magazeti (hata hili unalolisoma), na kazi ya ofisini uliyoileta nyumbani. Zitie kwenye sanduku, ulifunge.

RATIBA YA SIKU

Mafunzo ya siku kumi ya Goenka huamsha watu saa kumi alfajiri na kuwaketisha kiasi cha saa kumi kwa siku. Hayo yana walimu na wapishi. Wewe uliye peke yako nyumbani usiige tembo. Ratiba ifuatayo ina takriban saa sita za kuketi, nayo imeacha nafasi ya kupumua:

Saa 10:30 alfajiri: Kuamka, kuoga, kujikumbusha masharti manane.
Saa 11:00 hadi 1:00 asubuhi: Kuketi dakika 45, kutembea dakika 30, kuketi tena dakika 45.
Saa 1:00: Uji au chai, kisha kufagia chumba polepole.
Saa 2:30 hadi 5:00: Kuketi dakika 40 na kutembea dakika 20, kwa zamu.
Saa 5:00: Chakula cha mwisho, kimalizike kabla ya saa sita.
Saa 6:30 hadi 8:00: Kupumzika.
Saa 8:00 hadi 11:00 jioni: Kuketi na kutembea kwa zamu kama asubuhi.
Saa 11:00: Maji, au maji ya matunda yaliyochujwa.
Saa 12:00: Kusoma kurasa chache za mafundisho, si zaidi.
Saa 1:00 hadi 2:00 usiku: Kuketi na kuwatakia wote heri.
Saa 3:00: Kulala.

Anayeanza kabisa apunguze. Dakika 20 za kuketi na 20 za kutembea ni mwanzo mwema, na nusu siku si aibu. Haba na haba hujaza kibaba.

UKIISHA KUKETI, UFANYE NINI?

Njia ya U Ba Khin huanza na pumzi. Funga macho, funga mdomo, na uweke fahamu zako kwenye tundu za pua na sehemu ya juu ya mdomo. Pumzi inaingia, jua kwamba inaingia. Inatoka, jua kwamba inatoka. Usiivute kwa nguvu wala usiihesabu kama pesa. Mtawa mwingine wa Burma, Mahasi Sayadaw, aliwafundisha watu kutazama tumbo jinsi linavyoinuka na kushuka. Chagua moja ya njia hizo, na usiibadilishe siku hiyo.

Baada ya muda mfupi utakuta moyo umekwenda sokoni, umerudi shuleni, umegombana na bosi. Usijilaumu. Kule kugundua kwamba umetoroka ndiko taamuli kwenyewe. Rudi kwenye pumzi, mara mia ikibidi.

Kutembea nako ni taamuli, si mapumziko. Tafuta njia ya hatua kumi na tano au ishirini, ukumbini au nyuma ya nyumba. Nenda polepole, ukijua mguu unapoinuka, unapokwenda na unapokanyaga. Ukifika mwisho, simama, geuka, rudi.

Wabudha hutaja vikwazo vitano vinavyomjia kila anayeketi: tamaa, chuki, uzito na usingizi, mahangaiko na majuto, na shaka. Kuvijua kwa majina ni nusu ya dawa, maana kikwazo kilichotajwa hakikushtui tena. Usingizi hasa ndio adui wa mchana. Mafundisho ya kale yanasema Buddha alimshauri mwanafunzi wake Moggallana, aliyekuwa akisinzia, kwamba avute masikio yake, anawe macho kwa maji, ainue uso kutazama nyota, au asimame atembee. Na yote yakishindikana, alale, huku ameazimia kuamka mara tu macho yatakapofunguka. Unaona hakuambiwa ajipige viboko.

Yupo pia mtawa Sona, aliyelelewa kwa raha na anasa, ambaye alitembea katika taamuli mpaka nyayo zikatoka damu. Kabla ya utawa alikuwa fundi wa kupiga ala ya nyuzi iliyo kama zeze. Buddha akamuuliza: nyuzi zikikazwa mno, ala hulia vizuri? La. Zikilegea mno? La. Basi na bidii ndivyo ilivyo. Msomaji anayetaka kumaliza kila kitu katika Jumapili moja na amkumbuke Sona.

TAHADHARI

Kimya si kitu cha kuchezewa. Ukimnyamazia mtu siku nzima, jambo lililofukiwa miaka mingi linaweza kufufuka: msiba, kosa, ghadhabu ya utotoni. Machozi kidogo si hatari. Lakini ukianza kusikia sauti zisizokuwapo, ukashikwa na hofu isiyoshuka, au usingizi ukakuhama kabisa, acha. Fungua mlango, kula chakula cha moto, zungumza na mtu, tembea mahali penye watu, na hali isipobadilika umwone daktari. Aliyewahi kuugua maradhi makubwa ya akili, au aliyefiwa hivi karibuni, asianze peke yake nyumbani. Na mtu yeyote asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu ya mafungo.

Vivyo hivyo kwa chakula. Mgonjwa wa kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito na mzee dhaifu wasishike sharti la sita bila ushauri wa daktari. Hata watawa wanaruhusiwa kutumia dawa baada ya adhuhuri, pamoja na asali, sukari na samli wanapokuwa na udhaifu. Sharti limewekwa ili kupunguza uzito wa tumbo, si kumwangusha mtu.

Kwa anayetaka mwongozo wa mdomo kwa sikio, Ubudha hauko mbali kama tunavyodhani. Katika mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka wakati wa ukoloni. Karibu na Entebbe kipo kituo kilichoanzishwa mwaka wa 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Mafungo ya siku nyingi ni bora yafanywe mahali penye mwalimu. Nyumbani panatosha kwa siku moja au mbili.

JUMATATU NDIYO MIZANI

Si lazima uwe Mbudha ili uketi na kuitazama pumzi yako, na aliye na dini yake anajua mipaka yake. Ila aliye Mbudha na asiye Mbudha wana kipimo kimoja siku ikiisha. Usiruke kutoka mkekani kwenda kwenye simu. Keti dakika chache ukiwatakia heri watu wa nyumba yako mmoja mmoja kwa jina, kisha yule uliyemtwika mzigo, kisha yule mliyekosana naye. Halafu toka, ushukuru kwa sauti. Usihubiri uliyoyaona; hakuna aliyekuuliza.

Asubuhi inayofuata, uji ukimwagika mezani, hapo ndipo itakapojulikana kama uliketi au ulijificha. Kisha tazameni kalenda pamoja na kuandika tarehe ya mwenzako. Siku yake ikifika, wewe ndiye utakayeshika mwiko, utakayemzuia mgeni mlangoni kwa adabu, na utakayewaambia watoto washushe sauti kwa sababu mama yao hajakasirika, ameketi tu.